Daktari wa Michezo Anajibu: Kichwa Kikigongwa Uwanjani

Toleo lililopita tuliongelea magoti, nikajua meseji zitakazofuata ni za magoti tu. Wapi! Zimeingia za vichwa, pua, macho mpaka meno. Nimechagua hizi, na baadhi nimezipunguza maana kuna ndugu yangu mmoja kaniandikia na msimamo wa ligi yao yote.

Shikamoo dokta. Mimi ni kocha wa timu ya mtaani huku Mbagala. Jumapili kipa wangu alitoka kufuata krosi akagongana na goti la straika, akalala chini kama nusu dakika, tukammwagia maji, mmoja akamnusisha kitunguu, akaamka akacheza mpaka mwisho na penati akadaka. Jioni tuko kijiweni ananiuliza "kocha, hivi leo tumeshinda ngapi?" tukacheka tukajua anatania. Kumbe kipindi cha pili chote hakikumbuki. Sasa anasema yuko fiti na nusu fainali ni Jumamosi. Nimpange?

Marahaba kocha. Usimpange, na naomba usisubiri Jumamosi, mpeleke akaonwe na daktari leo.

Huyo hakuwa anatania. Mwaka 2014 kwenye fainali ya Kombe la Dunia pale Maracanã, Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa kichwani na bega la Garay wa Argentina kwenye dakika ya 17 hivi, akatibiwa kidogo akarudi. Baada ya muda akamfuata refa, Nicola Rizzoli, akamuuliza kama hii mechi ndo fainali yenyewe. Refa naye akadhani utani, alipoona jamaa yuko siriasi ndo akawaambia wenzake, akatolewa dakika ya 31. Yaani pamoja na madaktari wote wale na kamera zote zile mtu alikimbia uwanjani kama robo saa hajui yuko wapi. Sasa kijiweni Mbagala mtagunduaje?

Kilichompata kipa wako tunakiita mtikisiko wa ubongo. Ubongo umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na maji, kichwa kikisimama ghafla wenyewe unaendelea kwenda, kama abiria waliosimama kwenye daladala dereva akikanyaga breki. Nyuzi za ubongo zinavutika na kujikunja, kemikali zinavurugika, na ubongo unahitaji nguvu nyingi wakati huo huo damu inayoufikia imepungua. Hakuna damu ya kuona, hakuna mfupa uliovunjika, hata ukipiga skani mara nyingi inatoka safi kabisa. Na kuzimia siyo kipimo, wanaopoteza fahamu hawafiki hata mmoja kati ya kumi. Kwa hiyo ile ya "mbona hakuzimia" ifute kichwani.

Kudaka penati nako hakuthibitishi kitu. Mikono ya kipa imeshazoea, inafanya kazi hata mwenyewe akiwa hayupo.

Siku nyingine mchezaji akigongwa kichwa usimuulize "uko poa?" maana wote hujibu poa, hasa kama nafasi yake kuna dogo anaisubiri benchi. Muulize hivi: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani kafunga goli la mwisho? Wiki iliyopita tulicheza na nani, na tulishinda? Huku unamuangalia: anayumba akisimama? Macho yamekodoka haangalii popote? Anachelewa kujibu, anarudia swali lile lile, anasimama upande wa wapinzani, anakasirika au kulia bila sababu? Analalamika kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unamuumiza? Kimoja tu kinatosha kumtoa. Akikosa swali ametoka, lakini akijibu yote bado haina maana kwamba yuko salama, ukiwa na wasiwasi mtoe tu. Na akitoka hiyo siku harudi, hata akija na kiapo. Uamuzi huu hautakiwi kuwa wa mchezaji kabisa, kwa sababu kiungo unachomtaka atumie kuamua ndo hicho kilichoumia.

Kwa nini nakomaa hivi? Kichwa kikigongwa mara ya pili kabla ya kupona, ubongo unaweza kuvimba ghafla na kummaliza mtu kwa muda mfupi sana. Haitokei mara nyingi, ila ikitokea huwa ni kwa vijana. Januari 2011 huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14, Ben Robinson, aligongwa zaidi ya mara moja kwenye mechi moja ya raga ya shule, akaangaliwa akaendelea kucheza, akaanguka mwishoni na siku mbili baadaye akafariki.

Kurudi kunaenda kwa hatua. Siku moja mbili za kwanza anapumzika, siyo kufungiwa chumba cha giza, atembee tembee kidogo, simu na TV apunguze. Halafu mazoezi mepesi, kutembea haraka au baiskeli, akiwa sawa ajogi, akiwa sawa afanye mazoezi ya ukipa yasiyo na kugongana, kisha daktari amruhusu ndo aingie mazoezi kamili, mwisho mechi. Kila hatua angalau siku nzima, na dalili zikiongezeka anarudi nyuma. Kwa timu zisizo na daktari kama yako mimi napenda mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 kwa michezo ya ridhaa: hakuna mechi kabla ya siku ya 21, na mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa mpaka awe amekaa siku 14 bila dalili yoyote. Wachezaji wa kulipwa wanarudi mapema zaidi ila wao kuna mtu anawapima kila asubuhi.

Maji na kitunguu: maji hayaponyi ubongo, kitunguu kinamfanya arushe kichwa wakati hujui shingo yake ikoje. Akilala chini hajitambui chukulia shingo imeumia, mtu mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kitulie, asivutwe mikono, asibebwe miguu juu na kupelekwa pembeni ili mechi iendelee. Mechi isubiri. Ongea pia na waandaaji wa ndondo yenu, yaani hayo mashindano ya mtaani, tangu Julai 2024 sheria za soka zinaruhusu mashindano kuweka sabu ya ziada kwa aliyeumia kichwa, haigharimu hata mia.

Daktari, mwanangu ana miaka 13, kaanguka kwenye mpira shuleni akagonga kichwa pembeni kwenye nguzo ya goli. Alilia, akasema kichwa kinauma, sasa hivi anacheza vizuri tu. Jirani anasema nisimuache alale usiku. Mwingine anasema nimpe dawa ya maumivu. Nifanyeje? Mama, Tanga.

Mama pole sana. Pembeni unaposema ni juu ya sikio? Hapo mfupa ni mwembamba na chini yake kuna mshipa wa damu, mfupa ukipasuka mshipa unaweza kuchanika na damu ikaanza kujikusanya kati ya fuvu na ubongo. Ubaya wake ni kwamba mtoto anaweza kuwa mzima kabisa kwa saa moja, mbili, nne, anaongea anakula, halafu akaanza kulegea. Ndo maana "sasa hivi anacheza" hainitoshi, mpeleke akapimwe leo, na ukifika sema wazi aligonga pembeni na saa ngapi.

Daktari akimuona akakuruhusu urudi naye nyumbani, kulala alale. Usingizi hauui, na mtoto aliyenyimwa usingizi utamjuaje kama analegea kwa ubongo au kwa uchovu? Ila asilale peke yake, saa 24 za kwanza mtu mzima awe naye, na kama daktari amekwambia umuamshe mara kadhaa usiku basi muamshe, aitike, akutambue, kisha alale tena.

Unarudi hospitali mbio, hata saa nane usiku, ukiona hivi: kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, anatapika na kurudia, ameshindwa kuamka vizuri au anaongea pumba, degedege, anaona vitu viwili viwili, mkono au mguu hauna nguvu au unachoma choma, shingo inauma, mboni moja ya jicho kubwa kuliko nyenzake, maji maji meupe (yasiyo na rangi, kama maji ya kunywa) au damu yanatoka puani au sikioni, au weusi umetokea nyuma ya sikio. Hiyo ya maji meupe watu wanaidhania mafua! Mtoto aliyegonga kichwa, maji yakadondoka pua moja hasa akiinama, hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo.

Dawa: panadol kwa kipimo cha umri wake inatosha. Diklofenaki, brufeni na asprini ziache mwanzoni kwa sababu zinaweza kuongeza kutoka damu, na asprini kwa mtoto iache kabisa. Kuhusu skani, siyo kila mtoto anahitaji, daktari ataamua kwa dalili. Eksirei ya kichwa, hata kama ndo iliyopo, haionyeshi damu ndani, kwa hiyo isikupe amani ya bure.

Shule arudi taratibu, nusu siku kwanza kama kusoma kunamletea kichwa. Watoto hupona polepole kuliko sisi, inaweza kwenda mpaka wiki nne, na mpira unasubiri mpaka darasani awe sawa kabisa.

Dokta mambo, mi bondia wa Manzese. Sparingi, yale mapigano ya mazoezi, tunavaa kofia za kujikinga so tunapigana kweli kweli, mara tatu kwa wiki. Siku hizi nikitoka gym kichwa kinauma mpaka asubuhi na nasahau sahau. Kofia si inalinda?

Poa mdogo wangu. Kofia inalinda ngozi isichanike, nyusi, masikio, na kidogo mifupa. Ubongo hailindi, kwa sababu ubongo unatikiswa na kichwa kugeuka, na kofia haizuii kichwa kugeuka, tena inakipa ukubwa na uzito zaidi na inakuziba usione hook inayotoka pembeni. Mwaka 2013 ngumi za ridhaa za wanaume wakubwa ziliondoa kofia, na Olimpiki ya Rio 2016 wakapigana bila. Kuna ubishi mkubwa kuhusu uamuzi ule, mi mwenyewe kwenye sparingi ningependa ubaki nayo kwa ajili ya michaniko, lakini usidhani kofia inazuia mtikisiko. Haizuii.

Kinachokuumiza wewe ni hiyo "kweli kweli mara tatu kwa wiki". Pambano mtu anapata labda mara chache kwa mwaka, ila gym ni kila wiki, na ngumi ambazo hazikuangushi nazo zinajumlishwa. Kichwa kuuma mpaka asubuhi na kusahau ni dalili, siyo uchovu. Simamisha sparingi zote, umuone daktari wa mishipa ya fahamu. Begi, kamba, mbio, hivyo vitarudi taratibu kama nilivyomwambia kocha pale juu. Ukija kurudi, sparingi ngumu iwe kidogo sana, nyingine zote za kugusa, na siyo na mtu aliyekuzidi kilo saba kwa sababu tu yeye ndo kapatikana.

Na kama uliwahi kupigwa nokauti usiende kwa promota wa mkoa mwingine ukajifanya hukupigwa. Kanuni za ridhaa zimekuwa zikimsimamisha bondia aliyesimamishiwa pambano kwa ngumi za kichwa angalau siku 30, na zaidi kama ilijirudia. Nawajua mnavyobadilisha majina kwenye mabango, haya.

Mimi ni refa, Morogoro. Mchezaji akianguka na kuanza kukakamaa, wenzake wanakimbilia kumfungua mdomo wavute ulimi asiumeze. Wanatumia vidole, mmoja alileta kijiko. Ni sahihi?

Hapana mwamuzi. Ulimi haumezwi, umeshikwa chini huko. Kinachotokea mtu asiye na fahamu akilala chali ni kwamba ulimi unalegea na kurudi nyuma ukaziba njia ya hewa, na dawa yake ni kusukuma taya mbele, shika kona za taya chini ya masikio kwa vidole vya mikono miwili, sukuma juu kuelekea mbele, shingo usiipinde. Akikakamaa muache akakamae, ondoa vitu karibu yake, angalia saa, vidole na kijiko viwe mbali maana ataving'ata au utamvunja meno na kipande kiende kwenye mapafu. Akimaliza na anapumua mgeuze ubavu, kichwa na kiwiliwili vikigeuka pamoja, watu wawili watatu mkisaidiana. Kama hapumui anza kubonyeza kifua. Halafu kumbuka siyo kila anayeanguka bila kuguswa ana tatizo la kichwa, inaweza kuwa moyo, huyo muda wake ni mfupi zaidi.

Nilipigwa kiwiko pua ikapinda, siku ya tatu leo. Timu inataka nivae maski ya kukinga uso kama ya Osimhen, straika wa Nigeria, nicheze. Inawezekana? Beki, Mwanza.

Kwanza damu iliacha? Kama bado inatoka kidogo kidogo kaa, inama mbele siyo nyuma, bana sehemu laini ya pua dakika 10 mpaka 15 bila kuachia achia kuchungulia.

Sasa chukua tochi ya simu, mtu akuangalie ndani ya pua zote mbili. Akiona uvimbe laini wa zambarau au mwekundu kwenye ukuta wa katikati, au pua imeziba kabisa na maumivu yanazidi, nenda leo leo. Hiyo ni damu iliyojikusanya kwenye ukuta, isipotolewa inakata chakula cha gegedu (ule mfupa laini wa pua), linaoza na pua inadidimia katikati maisha yako yote. Wewe uko siku ya tatu, umeshachelewa kidogo. Na kunyoosha pua iliyopinda kwa mtu mzima hufanyika ndani ya wiki moja mpaka mbili, ukipitiliza ni operesheni kubwa.

Maski inawezekana lakini siyo ile ya kununua mtandaoni. Ya Osimhen ilitokana na kugongana na Škriniar wa Inter Novemba 2021, mifupa ya shavu na jicho ilivunjika vipande, akapasuliwa na kuwekewa vyuma, akakaa nje miezi, ndo akarudi na maski iliyotengenezwa kwa vipimo vya uso wake. Mbappé wa Ufaransa alivunjika pua kwenye mechi na Austria, Euro 2024, mechi iliyofuata hakucheza, akarudi na maski akawa analalamika haoni vizuri pembeni. Hao wana mtaalamu wa kuchonga. Maski isiyokutosha inahamishia kishindo pale pale palipovunjika, na kwa beki anayepiga vichwa mi ningekwambia subiri.

Dakta niaje, nacheza netiboli hapa Eldoret. Niligongwa na kiwiko chini ya jicho, imefura, shavu na meno ya juu ni kama imekufa ganzi, na nikiangalia juu naona vitu mbili. Niweke tu barafu ama?

Dada yangu barafu weka, ila uwe njiani kwenda hospitali. Ganzi ya shavu na meno ya juu pamoja na kuona viwili ukiangalia juu, hapo sakafu ya tundu la jicho inaweza kuwa imepasuka na msuli wa jicho umenaswa kwenye ufa. Usipenge kamasi kabisa, hewa itaingia kwenye jicho kupitia ufa huo, na chafya ikija ipige mdomo wazi. Usibonyeze jicho. Ukiona damu imekaa mbele ya mboni, au uoni unafifia, au jicho linajitokeza nje na kuuma sana, hiyo ni dharura ya saa chache. Kwa watoto wanaocheza jua pia hili: jicho linaweza kuonekana jeupe halina kitu, lakini mtoto haliinui na anatapika, watu wakasema ni kichwa tu. Huyo anatakiwa kwa mpasuaji haraka.

Na kiwiko kilichopasua mfupa wa uso kinaweza kuwa kimetikisa na ubongo, waambie wakupime vyote. Hapa ndo naona tunakosea sana viwanjani, uso ukivuja damu wote wanakimbilia kuufuta na hakuna anayemuuliza mtu kama anajua leo ni siku gani.

Jino la mbele limeng'oka lote kwenye hoki, tukalifunga kwenye tishu tukaenda kliniki kesho yake, daktari akasema limekufa. Tungefanya nini? Nairobi.

Tishu ndiyo iliyoliua, na kesho yake. Jino zima likitoka lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi, usiusugue, suuza haraka tu kwa maziwa au maji kama lina uchafu, lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo uwanjani, ung'ate kitambaa safi na uende kwa daktari wa meno. Kama mtu hajitambui vizuri usimrudishie, anaweza kulimeza. Ukishindwa kulirudisha litumbukize kwenye maziwa fresh ya baridi, siyo mtindi wala maziwa lala, na saa moja isipite, kila dakika likiwa kavu mkononi chembe za mzizi zinakufa. Kabla hujaondoka jaribu kung'ata, meno yakikutana vibaya au kukiwa na damu chini ya ulimi, taya nayo inaweza kuwa imevunjika. Kwa watoto wa shule jino la utoto halirudishwi, unaweza kuharibu la ukubwani lililoko chini yake, ila litafuteni lote lionekane msije mkakuta liko kwenye mapafu.